Ufipa na Dola za Makampuni

Katika hadithi za kubuni za kisayansi zilizoandikwa Marekani na Uingereza tangu kwisha kwa Vita Kuu ya Pili, limo wazo moja ambalo limerudiwa na waandishi wengi hata limekuwa kama desturi ya fani hiyo. Wazo lenyewe ni kwamba katika wakati ujao mataifa yatakufa, na mahali pao patashikwa na makampuni ya biashara. Frederik Pohl na C. M. Kornbluth walilieleza mwaka 1953 katika riwaya yao The Space Merchants, ambamo wazee wa baraza la kutunga sheria huwakilisha makampuni badala ya majimbo. Sinema ya Rollerball ya mwaka 1975 ilionyesha dunia isiyo na mataifa wala vita, iliyogawanywa baina ya makampuni machache, moja ikishika nishati, nyingine chakula, nyingine uchukuzi. Naye Neal Stephenson, katika Snow Crash ya mwaka 1992, aliisawiri Marekani ambayo serikali yake imebaki na vipande vya ardhi tu, ilhali barabara, magereza na ulinzi vimekuwa bidhaa za kuuzwa.

Hadithi hizi zina sifa zake, wala hatukusudii kuzidharau. Walakini msomaji wa Afrika Mashariki akizifungua hushikwa na mshangao wa namna nyingine kabisa. Si mshangao wa kuona jambo jipya, bali wa kuona jambo la kale limevikwa nguo za kesho. Katika lugha yetu wenyewe fani hii haijawa na waandishi wengi, ijapokuwa riwaya ya Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila, ya mwaka 2002, imekwisha kuugusa utandawazi kwa mafumbo. Huenda sababu moja ya uhaba huo ni hii, kwamba dola ya kampuni kwetu ni sura katika kitabu cha historia, na mtu hatabiri kilichokwisha kumpata.

Twaomba msomaji alitazame jambo hili kutoka Ufipa, maana hapana mahali pengi katika bara hili panapolionyesha kwa uwazi zaidi. Mtu akisimama Kasense, katika mji wa Sumbawanga, akielekeza uso magharibi, mbele yake ni Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake ni Kongo. Kusini yake ni nchi ya Walungu na Wamambwe, na mpaka wa Zambia. Mashariki ni bonde la Rukwa, na baada yake njia ndefu ya kwenda pwani. Kati ya mwaka 1879 na 1891, kila upande katika pande hizo tatu ulidaiwa na mtawala ambaye hakuwa taifa. Mashariki ilikuwapo kampuni, kusini kampuni, magharibi chama kilichojipa bendera.

Tuanze na hicho chama, kwa kuwa ndicho kilichotangulia. Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwakusanya wasafiri na wataalamu wa jiografia mjini Brussels, wakaunda Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika. Makusudio yaliyotangazwa yalikuwa elimu, kupokea wasafiri, na kukomesha biashara ya watumwa. Mwezi wa Agosti 1879 Kapteni Cambier alianzisha kituo cha kwanza cha jumuiya hiyo huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya nyanda za Ufipa. Mwaka huo huo ndovu wanne wa Bara Hindi walishushwa Msasani, ili wajaribiwe kuchukua mizigo ya jumuiya badala ya wapagazi. Ndovu hao walikufa mmoja baada ya mwingine, na mizigo ikarudi vichwani mwa watu. Naye Joseph Thomson, alipolifikia bonde la Rukwa mwaka 1880, aliliita ziwa lake Leopold, kwa heshima ya mfalme ambaye hajapata kuliona wala hakupata kuliona baadaye. Jina hilo halikudumu. Rukwa ni Rukwa.

Lakini jumuiya haikubaki katika ndovu na majina. Mwaka 1883 Kapteni Storms, aliyekuwa mkuu wa Karema, alivuka ziwa akajenga kituo cha pili huko Mpala. Mwezi wa Desemba 1884 watu wake walimwua Lusinga, mtawala wa nchi ya ng'ambo aliyekuwa akishindana naye, wakamletea kichwa chake, na fuvu hilo likapelekwa Ubelgiji. Hapa ndipo msomaji wa hadithi za kisayansi anapopaswa kusita kidogo. Chama cha hiari, kilichoundwa kwa ajili ya jiografia, kilikuwa na ngome, bunduki, askari wa kukodiwa, na uwezo wa kumwondoa mtawala wa nchi. Kilikuwa pia na bendera yake, ya samawati yenye nyota moja ya dhahabu. Na tarehe 22 Aprili 1884 Serikali ya Marekani iliikubali bendera hiyo kuwa sawa na bendera ya dola rafiki. Mkutano wa Berlin ulipokwisha mwezi wa Februari 1885, mataifa ya Ulaya yalikuwa yamefanya vivyo hivyo, na chama kikageuka Dola Huru ya Kongo, mali ya mtu mmoja. Hapana mwandishi wa riwaya aliyethubutu kubuni mageuzi ya haraka namna hii. Karema, kwa kuwa iliangukia upande waliopewa Wajerumani, iliachiwa Mapadri Weupe mwaka huo huo.

Upande wa mashariki mambo yalikwenda kwa karatasi. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters na wenzake wachache walipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, wakipata alama za majumbe katika mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari aliipa jamii ya Peters hati ya ulinzi, na kutokana na hati hiyo ikasimama Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Bismarck hakuwa na hamu ya kutumia fedha za dola katika makoloni. Alipenda wafanyabiashara watawale kwa gharama yao wenyewe. Mwaka 1888 William Mackinnon alipata hati ya kifalme kwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliyokaa Mombasa, na mwaka 1889 Cecil Rhodes akapata yake kwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Kusini. Kwa hati hizo wenye hisa walipewa haki ya kutoza ushuru, kuweka mahakimu, na kuandika askari.

Kampuni ya Kijerumani ilipiga hata fedha zake. Tangu mwaka 1890 pesa zake za shaba zilienea pwani, upande mmoja zina tai wa Kijerumani, na upande wa pili maneno ya Kiarabu yenye maana ya kampuni ya Ujerumani. Neno lenyewe lililochorwa hapo ni ndugu wa neno letu "shirika". Twaona ajabu kidogo kwamba neno ambalo katika lugha yetu lina harufu ya kugawana na kusaidiana lilipita mikononi mwa watu kwa mara ya kwanza kama jina la mtawala.

Yafaa hapa tusimame tulinganishe, kwa maana Wafipa walikuwa na fikira yao kuhusu mgeni anayechukua nchi. Katika masimulizi yao, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliyachunguza katika miaka ya 1960, mtawala wa kwanza wa Milansi alitoka kwenda kuwinda. Nyuma yake wakaja wanawake wageni, na kiti cha enzi kikaingia mikononi mwao kabla hajarudi. Aliporudi, mapatano yakafanywa: wageni wachukue utawala wa nchi, naye na kizazi chake wabaki na Milansi na heshima yake. Kutokana na wageni hao ukatoka ukoo wa Watwa, uliotawala falme mbili za Ufipa, Nkansi na Lyangalile. Sisi hatuyasomi masimulizi hayo kama kumbukumbu ya siku na saa. Twayasoma kama maelezo ya sheria. Yanasema kwamba utawala waweza kupita kwa mgeni, hata kwa hila, walakini mgeni hukaa, huoa na kuolewa, huzaa wenyeji, na mwenye nchi wa zamani hubaki karibu naye kama shahidi wa mapatano.

Linganisha na karatasi ya Peters. Mwenye kuipokea nchi hakuwa na nia ya kukaa. Alikuwa akiipeleka Berlin ikauzwe kwa hisa. Shahidi hakuwapo. Ufipa haikuwamo hata katika mikataba hiyo. Iliingizwa katika milki ya Wajerumani kwa mapatano ya tarehe 1 Julai 1890 kati ya Ujerumani na Uingereza, ambayo yaliweka mpaka wa kusini baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa na kuwakata Walungu na Wamambwe vipande viwili.

Utawala wa kampuni pwani haukudumu. Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodisha Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani kwa muda wa miaka 50. Mwezi wa Agosti watumishi wa kampuni walipokwenda kupandisha bendera yao na kushika forodha, Pangani ilichafuka, na katika wiki chache pwani yote ikawa vitani chini ya viongozi kama Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Sadani. Huko Kilwa watumishi wawili wa kampuni waliuawa mwezi wa Septemba. Kampuni ikabaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena chini ya ulinzi wa manowari. Ndipo ikaililia serikali. Mwezi wa Januari 1889 Bunge la Ujerumani lilitoa mark 2,000,000, Hermann Wissmann akatumwa na askari wa kukodiwa, wengi wao Wasudani, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka huo.

Waandishi wa hadithi za kisayansi hupenda kuonyesha kampuni ikiishinda dola. Katika tukio hili hatuoni hivyo. Kampuni ilizaliwa na hati ya dola, na iliposhikwa koo iliita bunduki za dola. Ilichokitaka kilikuwa forodha; baraza la hukumu, njia za nchi, njaa na magonjwa ya watu vilikuwa gharama tu. Basi gharama zilipozidi, iliuza. Kwa mapatano ya tarehe 20 Novemba 1890, serikali ya Ujerumani iliuchukua utawala wa nchi tangu mwanzo wa mwaka 1891. Sultani alilipwa mark 4,000,000 kwa Mrima yake. Nayo kampuni ikawekewa mark 600,000 kila mwaka kutoka katika mapato ya forodha za nchi ile ile iliyoshindwa kuitawala. Maana yake ni kwamba mchukuzi aliyeshusha pembe Bagamoyo, na mnunuzi wa kaniki katika soko la bara, waliendelea kuilipa kampuni kwa kuacha kuwatawala. Haki ya kupiga fedha nayo haikuiondoka upesi. Ilipofika mwaka 1904 ndipo serikali ilipotoa heller zake, 100 kwa rupia, mahali pa pesa 64.

Fedha hizo zina safari ya kuchekesha, kama si ya kuliza. Zile mark 4,000,000 zilikuwa sawa na pauni 200,000, nazo zilikuwa mali ya Unguja. Kampuni ya Mackinnon ilipochoka kuitawala pwani ya Mombasa, kwa kuwa ilikuwa imefilisika, Serikali ya Uingereza ilikubali mwaka 1895 kuilipa pauni 250,000 ili iondoke. Katika hizo, pauni 200,000 zilitoka katika hazina ya Unguja. Yaani Sultani aliuza pwani yake ya kusini, na bei yake ikatumika kuwalipa wafanyabiashara walioshindwa katika pwani yake ya kaskazini, nayo ikapita chini ya Waingereza. Mwandishi wa riwaya akibuni hesabu kama hii, mhariri atamrudishia akisema haiaminiki.

Upande wa kusini wa Ufipa ndipo kampuni ilipotawala kwa muda mrefu. Kampuni ya Rhodes ilikaa ng'ambo ya mpaka, Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, mpaka mwaka 1924. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmambwe wa upande huo alitozwa kodi ya nyumba ya shilingi 3 kwa mwaka. Nduguye wa upande wa Wajerumani, kwa amri ya mwaka 1897, alitozwa rupia 3, yaani kama shilingi 4 kwa thamani ya wakati huo. Lazima tuseme kweli: dola haikuwa na huruma kuliko kampuni. Kwa mtu aliyekuwa akiondoka kijijini kutafuta sarafu ya kodi, tofauti ya mwenye kupokea haikuonekana. Msomaji anayetaka kuambiwa kwamba serikali ilikuwa njema na kampuni mbaya hatapata hoja hiyo kwetu.

Vita ya mwaka 1914 iliivuta kampuni mpaka ndani ya Ufipa. Mwezi wa Juni 1916 kikosi cha Kanali Murray, ambamo walikuwamo askari wa polisi ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Kusini, kilivuka mpaka kikaliteka boma la Bismarckburg, yaani Kasanga, mji mkuu wa wilaya ya Wajerumani iliyoishika Ufipa. Vita vilipokwisha, jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck, jeshi la dola katika nguvu zake zote za kisheria, liliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn. Ardhi liliposimama ilikuwa bado inatawaliwa na kampuni ya London yenye wenye hisa. Kuna mnara huko Mbala wa kukumbuka siku hiyo, nao wageni huupiga picha.

Je, wenye hisa hao walifaidika? Katika miaka yote ya kutawala, tangu hati ilipotolewa mpaka mwaka 1923, hawakugawiwa faida hata mara moja. Jambo hili, kwa maoni yetu, lina uzito kuliko vitisho vyote vya riwaya. Kutawala watu hakulipi, na kampuni yenye akili hulijua hilo mapema. Mwaka 1924 ikaukabidhi utawala wa Rhodesia ya Kaskazini kwa Serikali ya Uingereza, lakini haki za madini ikabaki nazo, ikidai kuwa ilizipata kwa mikataba ya watawala wa Kiafrika. Shaba ilipoanza kuchimbwa kwa wingi, kampuni ikawa inapokea mrabaha katika kila tani, bila kuwa na hakimu hata mmoja wa kumlipa mshahara. Katika Katanga nako, Kamati Maalumu iliyoundwa mwaka 1900 ilitawala na kuwa na polisi yake mpaka mwaka 1910, kisha ikauacha utawala. Na ilipofika mwezi wa Julai 1960, Tshombe alipojitenga na Kongo, kampuni ya madini ya Union Minière ilimlipa yeye kodi badala ya serikali ya Kinshasa, ambayo wakati huo iliitwa Léopoldville. Haikuhitaji kuwa dola. Ilitosha kuchagua dola ya kulipa.

Hapo ndipo tunapoona pengo katika hadithi za kisayansi. Zinauliza, Itakuwaje kampuni ikitutawala? Haziulizi mara nyingi, Watawaliwa watairithi namna gani? Dola, hata ile ya kigeni na ya kikatili, ina kitu ambacho watu wake waweza kukidai kuwa chao: mahakama, hazina, mipaka, kiti cha kukaliwa. Mtawala wa Milansi angelifahamu jambo hilo mara moja, maana kiti kilichochukuliwa ni kiti, chaweza kujadiliwa na mwenye kukikalia. Tarehe 9 Desemba 1961 watu wa Tanganyika, na Wafipa wakiwamo, waliipokea dola ambayo Wajerumani waliinunua na Waingereza wakaishika. Waliipokea na umaskini wake na madeni yake, walakini hawakuinunua, waliidai, wakapewa. Kampuni haina kiti cha namna hiyo. Ina hisa, na hisa hununuliwa.

Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka walilijua hilo katika saa za mwisho. Serikali ya Kenneth Kaunda ilishikilia kwamba Zambia haiwezi kuzaliwa ikiwa madini yake ni mali ya kampuni ya hati ya mwaka 1889, nayo kampuni ikashikilia haki yake. Mabishano yaliendelea mpaka mkesha wa uhuru. Bendera ya Uingereza ilikuwa ikitazamiwa kushushwa usiku ule bila malipo yoyote. Haki za madini ziliachwa kwa pauni 4,000,000, nusu ikilipwa na Serikali ya Uingereza, na nusu nyingine na nchi ambayo siku yake ya kwanza ilikuwa kesho yake, tarehe 24 Oktoba 1964.